Anasoma "dada" palipoandikwa "baba": niuze kiwanja nimpeleke bweni la mbali?

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia saa sita za usiku, watoto wamelala na mume wangu yuko safarini. Naishi Kisauni, Mombasa, nina miaka 36, ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Malaba, mpakani na Uganda. Akiondoka hukaa siku saba, nane, wakati mwingine kumi. Tuna watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana wa miaka kumi, yuko gredi ya nne. Wa pili ni msichana wa miaka sita. Shida yangu ni huyu wa kwanza. Hajui kusoma.

Sisemi kwamba hasomi vizuri. Ukimwekea kitabu cha Kiswahili cha gredi ya kwanza, neno "baba" analisoma "dada", mstari wa pili "dada" anaisoma "baba", kisha anakutazama usoni ajue kama amepatia. Kiingereza ndiyo usiseme. Anaangalia picha anabuni hadithi, tena tamu, ila sio iliyoandikwa.

Na si mjinga. Nikimtuma dukani vitu sita bila karatasi analeta vyote, na chenji anaijua kabla ya mwenye duka. Madrasa ndiko alikotushangaza zaidi. Juzuu Amma yote, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, aliihifadhi kwa kusikiliza, ustadhi akawa anamsimamisha mbele ya wenzake awe mfano. Mwaka jana ustadhi akamfungulia msahafu, akamwambia aanze katikati ya ukurasa. Mtoto hakujua yuko wapi. Ustadhi alidhani anafanya mzaha, akamtoa nje. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi tumbo linamuuma.

Shule amepita tatu. Ya kwanza ilikuwa akademia ya Kiingereza tangu ana miaka minne. Ya pili walimrudisha nyuma mwaka mzima, na mwaka ule haukubadilisha lolote. Sasa yuko shule ya serikali, darasa lina watoto zaidi ya sitini. Mwalimu wa darasa amemkalisha nyuma kabisa, anasema asiwacheleweshe wenzake. Mwalimu mwingine alimpiga kofi kwa kukosea imla. Mamake mume wangu anasema mtoto amepigwa jicho, akampeleka kwa shehe akaandikiwa kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji, akayanywa siku saba. Sikumkataza. Kusema kweli na mimi nilikuwa natumaini.

Muhula huu alikuja mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, msichana mdogo tu. Alikaa naye dakika ishirini wakati wa mapumziko, kisha akaniita pembeni: "Mama, mimi nadhani huyu ana disleksia." Jina hilo sikuwahi kulisikia. Usiku huo sikulala, nilikuwa kwenye simu nikisoma. Nikapata shule ya bweni upande wa Nairobi ya watoto wa aina hii. Nikapiga, akapokea bwana mmoja mchangamfu, akaniambia, "Mlete tu mama, atasoma." Karo ni shilingi 85,000 kwa muhula. Kushika nafasi ya Januari ni 30,000 kabla ya mwisho wa Novemba, na hazirudishwi. Mshahara wangu ni 34,000 kwa mwezi. Tuna kiwanja Mtwapa, ndiyo akiba yetu yote. Nataka tukiuze.

Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema, "Atachangamka akikua. Hata mimi nilikuwa mzito hivyo hivyo, na leo naendesha lori la magurudumu ishirini na mbili." Naona hili halimshughulishi. Mambo ya shule yote ni mimi. Fomu hujaza mimi, mikutano naenda mimi. Siku moja alipokuja, walimpa karatasi ajaze akasema amesahau miwani, na yeye miwani hana! Hata akiwa njiani hunitumia sauti tu kwenye simu, hajawahi kuniandikia hata "nimefika".

Wiki iliyopita tulikuwa tukibishana juu ya kiwanja, kijana akatusikia. Akaja jikoni akaniambia, "Mama, msiuze. Mimi nitakuwa dereva kama baba, sitahitaji kusoma." Nilijifanya nakata vitunguu.

Nikimpeleka, namtoa mikononi mwangu akiwa na miaka kumi, karibu kilomita 500, kwa watu nisiowajua. Nikimbakisha, ataozea kule nyuma ya darasa, na mdogo wake ameshaanza kumpita kusoma. Naogopa nimeshachelewa. Nifanyeje?

Mama wa Njia Panda, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya yale unayoyajua, na alama ya kuuliza kando ya yale unayoyadhani. Unayoyajua ni mengi kuliko unavyojipa sifa: mtoto ana masikio makali, kumbukumbu nzuri, hesabu ya kichwani, na hawezi kushikamanisha herufi na sauti, iwe Kiswahili, Kiingereza au msahafu. Hiyo ni kazi ya mzazi anayemtazama mwanawe. Alama za kuuliza nazo si chache, na kubwa kuliko zote imekaa juu ya neno disleksia lenyewe.

Huyo mwalimu wa mazoezi namshukuru. Kwa dakika ishirini aliona walichoshindwa kuona waliokaa naye miaka. Lakini dakika ishirini za mapumziko ni dokezo tu, na wewe unataka kuuza kiwanja juu ya dokezo. Kabla ya shule yoyote, maalumu au ya kawaida, mtoto anahitaji kupimwa. Kwanza masikio na macho hospitalini, maana mtoto asiyesikia vizuri tofauti ya sauti, au anayeona kwa ukungu, naye hukosea herufi. Kisha tathmini ya kusoma kwenyewe. Serikali ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu itakuelekeza kilicho karibu. Pia kuna KISE, taasisi ya serikali ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hufanya tathmini. Nenda na madaftari yake ya zamani; yale makosa ya imla ni ushahidi. Ukikuta foleni ndefu, au mtumishi aliyezoea zaidi watoto wasioona na wasiosikia, usikate tamaa mlangoni. Uliza nani hushughulika na kusoma.

Sasa tuseme imethibitika ni disleksia. Ni nini hasa? Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Hesabu aliziweza, akili ilikuwa timamu, macho mazima, na bado hata jina lake mwenyewe aliliandika Precy. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya kusikiliza, Percy angekuwa kinara wa shule. Nilipofika kwenye habari za Juzuu Amma nilimkumbuka huyo. Kitu chenyewe ni kwamba ubongo hupata tabu kuzikata sauti za neno vipande vipande na kuvifunga na alama zilizo kwenye karatasi. Uvivu haumo, na huwapata watoto wenye akili za kila kiwango. Kadiri ya watoto watano hadi kumi katika kila mia wanayo kwa namna moja au nyingine, kwa hiyo katika darasa lile la sitini mwanao huenda ana wenzake watatu au zaidi, wamekaa kimya.

Nikuulize kuhusu lugha, kwa sababu watu wengi huliruka hili. Mtoto alianza kusoma kwa Kiingereza akiwa na miaka minne. Kiingereza herufi zake hazisemi kweli. Sauti moja huandikwa kwa namna kumi. Kiswahili chetu kina irabu tano, na a ni a popote uendapo. Mtoto mwenye disleksia anayesoma lugha ya namna hii mara nyingi huweza kufika, ila hufika polepole. Mtihani wetu uko kwingine, kwenye urefu wa maneno. Jaribu "hawakutuandikia". Kwa msomaji mzito, akifika kwenye "kia" ameshasahau alianza na "ha". Na b na d zinafanana kama mapacha waliogeuziana mgongo, ndiyo maana baba akawa dada. Je, kuna mtu aliyewahi kumfundisha silabi za Kiswahili kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, bila haraka, kabla ya kumtwisha Kiingereza? Barua yako haisemi. Akademia ya Kiingereza ilikuwa ndoto nzuri, sikulaumu, wengi tumeinunua.

Nakuja kwenye bweni. Shule maalumu nzuri ina mambo ambayo darasa la sitini haliwezi kutoa. Mwalimu ana watoto wachache. Kusoma kunafundishwa kwa hatua zilizopangwa: sauti kwanza, kisha herufi, kisha silabi, mtoto akitamka huku akiandika kwa kidole kwenye mchanga au mezani, hasogei mbele mpaka ya jana imekaa. Njia hii ina mizizi Marekani ya miaka ya 1930, kwa Samuel Orton na Anna Gillingham, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa kwa sura zake mbalimbali. Na kuna jambo jingine nisilopenda kulidharau: mtoto anaingia darasani na kukuta kila mtu anasoma kwa tabu kama yeye. Kuna watoto ambao kwao hilo peke yake lilimaliza maumivu ya tumbo.

Ila "mlete tu mama, atasoma" limenikaa kooni. Shule inayompokea mtoto wako bila kumwona na bila ripoti, na inataka 30,000 zisizorudi, inaweza kuwa shule nzuri yenye msemaji mchangamfu mno. Inaweza pia kuwa kitu kingine. Piga tena, uombe kusema na mwalimu badala ya yule bwana. Muulize kusoma kunafundishwa na nani na alisomea wapi kazi hiyo. Muulize mtoto anapata vipindi vingapi vya kusoma kwa wiki, na wenzake wangapi mezani. Muulize watajuaje baada ya muhula mmoja kwamba anasogea, na kama watakuonyesha kwa maandishi. Muulize watoto wangapi wamerudi shule za kawaida, na baada ya muda gani. Kama ni shule ya kazi yake, maswali haya yatamfurahisha. Omba ulale Nairobi usiku mmoja ukaione siku ya masomo, sio siku ya wazazi. Na ukisikia habari za miwani ya rangi au mazoezi ya macho yanayotibu disleksia, funga mkoba wako. Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika tangu 2009 kwamba hayo hayana ushahidi.

Halafu kuna hesabu, na wewe ni karani, utanisamehe nikikupigia hesabu. Karo ya mihula mitatu ni 255,000 kwa mwaka, kabla ya nauli, godoro na sare. Mshahara wako wa mwaka ni 408,000. Kiwanja huuzwa mara moja, karo hudaiwa kila Januari, Mei na Agosti. Kitamsomesha miaka mingapi? Hofu yangu kubwa ni mwaka wa pili, fedha zimekwisha, na mtoto amerudi katika kiti kile kile cha nyuma akijua kwamba kiwanja cha wazazi wake kimeliwa na kusoma kwake. Ameshaanza kujibebesha mzigo huo. Ndicho alichokuja kukuambia jikoni. Zaidi ya hapo, disleksia haiponi kama malaria. Mtoto hujifunza kusoma nayo, na wengi hubaki wasomaji wa polepole maisha yao yote. Ukitarajia akutoke mgonjwa akurudie mzima, utaidai shule, na mtoto, kitu ambacho hakuna awezaye kukitoa.

Njia ya kubaki nayo ina hatari zake. Kubaki bila kubadilisha kitu ni kumwacha alipo, na hapo hofu yako ni ya haki kabisa. Kubaki ninakokufikiria mimi ni kutafuta mtu mmoja aliyefunzwa elimu maalumu, au aliye tayari kujifunza njia ile ya hatua kwa hatua, akae na mtoto nusu saa hivi siku nne tano za wiki, Kiswahili kwanza. Hiyo sio tuisheni ya kawaida, ambako hurudiwa yale yale yaliyomshinda asubuhi. Ni kazi ya miezi na miaka, inachosha, na siku mume yuko Malaba na wewe ofisini kuna meli imeingia, itakuwa rahisi kuiruka. Kama unajijua kwamba hutaimudu, bweni linapata uzito zaidi kwenye mizani. Wewe ndiwe unayeijua nyumba yako.

Umesema umechelewa. Miaka kumi kuna kazi zaidi kuliko miaka sita, lakini watu hujifunza kusoma hata ukubwani. Na hakuna mlango unaofungwa Januari hii. Tathmini ya gredi ya sita haimzuii mtoto kuendelea na shule ya upili ya chini, na mbele ya safari Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kumwongezea muda mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, shule ikipeleka maombi mapema na ripoti ya tathmini. Ripoti hiyo tena, unaona. Unaihitaji uende njia yoyote.

Shule aliyopo usingoje ripoti kuiendea. Kofi ni kosa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kwa maneno. Ningekwenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu, pasipo vitisho, na maombi madogo yanayowezekana hata penye watoto sitini: akae mbele, asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, aulizwe kwa mdomo yale anayoyajua. Na ustadhi pia aelezwe, tena mapema. Mtoto aliyehifadhi juzuu nzima kwa sikio hakumfanyia mtu mzaha, na nadhani ustadhi akielewa ataumia moyo. Aendelee kuhifadhi kwa kusikiliza; msahafu wa kufungua utakuja kwa wakati wake.

Bibi yake mwache na dua zake. Zile siku saba mlikuwa mnatamani kitu kimoja, wewe na yeye. Muombe tu asimwambie mtoto kwamba amepigwa jicho, kwa sababu mtoto ana tafsiri mbaya za kutosha juu yake mwenyewe. Hapo ndipo penye pengo jingine la barua yako: sijaona mahali ulipomweleza yeye. Umelisoma neno disleksia usiku kucha, umelizungumza na mwalimu, na mwenye shule, na mimi. Yeye anajua tu kwamba anawagharimu. Pengine angependa kusikia habari za Percy. Muulize na bweni analionaje. Jibu lake lisiamue, ila lisikike.

Nimebakiza la mwisho, na hapa huenda nikakosea, unijue mimi sijamwona mumeo.

Unasema halimshughulishi. Mimi nilipoisoma barua nilimwona mwanamume asiyejaza fomu, aliyesahau miwani asiyokuwa nayo, asiyeandika ujumbe hata wa neno moja, na aliyekuambia kwa kinywa chake, "Hata mimi nilikuwa mzito hivyo hivyo." Disleksia hupita katika damu, mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unaweza kufika hata nusu. Kama dhana yangu ina ukweli, basi anapokataa kuuza kiwanja huenda anakataa kitu kingine kabisa. Huenda miaka thelathini iliyopita alikaa kwenye kiti hicho hicho cha nyuma. Na kila unaposema mbele yake kwamba mtoto asiyesoma ataoza, anasikia unalolisema juu ya nani? Kijana naye anasikia. Alisema atakuwa dereva kama baba, hatahitaji kusoma. Sidhani kama alilitoa hewani.

Usimwambie mumeo niliyoyaandika, wala usimpe jina la ugonjwa. Akirejea, ameoga, amekula, watoto wamelala, acha kiwanja kando na Nairobi kando. Muulize yeye alisoma hadi darasa la ngapi, na ilikuwaje. Kisha nyamaza, hata akikaa kimya kirefu.